Kuongeza kasi ya kadi ya michoro

Kuongeza kasi ya kadi ya michoro (hujulikana pia kama ovakloki) ni kitendo cha kuifanya kadi ya michoro ya kompyuta ifanye kazi kwa masafa ya juu kuliko yale yaliyopangwa kiwandani, ili itoe picha nyingi zaidi kwa sekunde au imalize kazi kwa muda mfupi zaidi. Hufanywa hasa na wachezaji wa michezo ya kompyuta, wahariri wa video, wasanifu wa majengo wanaochora kwa pande tatu na watu wanaofunza mifumo ya akili bandia kwenye kompyuta zao wenyewe.

Kwa kadi za kisasa faida yake mara nyingi haizidi asilimia 10, na gharama yake ni joto na matumizi ya umeme kupanda. Kwa hiyo usalama wake hautegemei kadi peke yake, bali pia chumba, hali ya hewa na umeme wa mahali kompyuta ilipo. Katika mazingira ya joto na umeme usiotulia, kama tambarare ya Same chini ya Milima ya Pare nchini Tanzania, kuipoza kadi na kupunguza volti yake mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kupandisha masafa.

== Misingi ==

Kadi ya michoro ina sehemu kuu nne: chipu ya michoro (GPU), kumbukumbu yake yenyewe (VRAM), sakiti zinazoigawia chipu umeme, na mfumo wa kupoza wenye mapezi ya chuma na feni. Chipu hufanya kazi kwa mapigo. Idadi ya mapigo kwa sekunde huitwa masafa na hupimwa kwa megahezi (MHz), yaani mapigo milioni moja kwa sekunde. Masafa yakipanda, hesabu nyingi zaidi hufanyika kwa sekunde.

Transista za ndani ya chipu zinahitaji volti ya kutosha ili zibadili hali kabla pigo linalofuata halijafika. Masafa yakipandishwa bila volti kutosha, baadhi ya hesabu hutoka na makosa, na kompyuta inaweza kuganda. Volti ikiongezwa, joto huongezeka kwa haraka. Uhusiano huo huelezwa na kanuni hii ya makadirio:

: nguvu = C × volti² × masafa

Hapa C ni tabia ya chipu yenyewe, isiyobadilishwa na mtumiaji. Kwa kuwa volti hupigwa mara yenyewe, athari yake ni kubwa kuliko ya masafa. Masafa yakipandishwa kwa asilimia 5 na volti pia kwa asilimia 5, nguvu inayotumika hupanda kwa takriban asilimia 16. Kinyume chake, volti ikishushwa kutoka 1.05 hadi 0.95 bila kugusa masafa, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 18. Karibu nguvu yote inayoingia kwenye kadi hutoka kama joto.

== Historia ==

Neno GPU lilienea mwaka 1999, kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilipoitangaza kadi yake ya GeForce 256. Katika miaka iliyofuata kadi ziliuzwa zikiwa na masafa yasiyobadilika, na viwanda viliacha nafasi kubwa ya usalama. Watumiaji waliigundua nafasi hiyo na kuitumia kwa programu kama RivaTuner, iliyoandikwa na Mrusi Alexey Nicolaychuk. Programu ya MSI Afterburner, inayotumiwa sana leo, imejengwa juu ya kazi hiyo.

Mwaka 2012, pamoja na kadi ya GeForce GTX 680, NVIDIA ilileta mfumo wa GPU Boost. Kwa mfumo huu kadi hujipandishia masafa yenyewe muda wote ambao joto na matumizi ya umeme yako chini ya kikomo. Kadi za AMD nazo hujirekebisha kwa namna inayofanana. Tangu hapo maana ya kuongeza kasi imebadilika. Kadi ikipata joto, hushusha masafa kidogo kidogo, kwa kadi nyingi za GeForce kwa hatua za takriban MHz 15, na ikipoa huyapandisha tena. Kwa hiyo mtu anayesafisha feni za kadi yake anaweza kupata kasi zaidi bila kubadilisha mpangilio wowote.

== Mazingira: mfano wa Same na Milima ya Pare ==

=== Joto la hewa ===

Mfumo wa kupoza hauwezi kuifanya kadi iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Unachofanya ni kupunguza tofauti kati ya joto la kadi na joto la hewa. Kadi ambayo kazini huwa na nyuzijoto 50 za selsiasi juu ya hewa itafika 72 °C katika chumba chenye 22 °C, lakini itafika 83 °C katika chumba chenye 33 °C. Kadi nyingi za GeForce huanza kujipunguzia kasi kwa dhahiri zikifika kati ya 83 °C na 90 °C. Kwa hiyo mpangilio uliojaribiwa na mtu wa Ulaya wakati wa baridi hauwezi kunakiliwa hivyo hivyo.

Mji wa Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro, uko chini ya Milima ya Pare upande wa magharibi, kwenye kivuli cha mvua. Mvua inayoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi hunyesha zaidi kwenye miteremko ya mashariki na ya juu, na tambarare hubaki kavu na yenye joto. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ya joto kali, na Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi. Mpangilio uliofaa mwezi Julai unaweza kuifanya kompyuta igande mwezi Februari, ingawa hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana majaribio ya mwisho hufanywa mchana wa jua kali.

=== Mwinuko ===

Hewa hupungua uzito kadiri mahali panavyoinuka, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Same iko takriban mita 860 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya pwani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama ulivyo katika sehemu nyingi za Upare wa milimani, upungufu hufika karibu asilimia 14. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile huondoa joto kidogo zaidi huko juu kuliko ingefanya Tanga.

Hata hivyo joto la hewa nalo hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kompyuta iliyopelekwa kutoka Same mjini hadi kijiji cha mita 1,500 hupata hewa yenye baridi zaidi kwa takriban nyuzi 4, lakini wepesi wa hewa hupunguza sehemu kubwa ya faida hiyo. Baridi ya milimani si sababu ya kupandisha mipangilio bila kupima.

=== Vumbi ===

Wakati wa kiangazi vumbi la tambarare huingia kwenye mapezi ya kupozea na kuganda kama blanketi. Kadi iliyojaa vumbi huwa na joto zaidi, feni zake huzunguka kwa nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo huvuta vumbi jingine. Kompyuta iliyo karibu na barabara ya vumbi inaweza kuhitaji kusafishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mafundi hutumia blowa au brashi laini. Kabla ya kupuliza, feni hushikwa kwa kidole zisizunguke, kwa sababu upepo wa blowa unaweza kuzizungusha kupita uwezo wa beringi zake. Kasha halifai kuwekwa sakafuni wala kufunikwa kwa kitambaa likiwa linafanya kazi.

== Umeme ==

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mikoa ya kaskazini iko mbali na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme. Machi 2025, alipozindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba umeme unaosafirishwa hadi kaskazini hupotea kwa kiasi njiani, na kwamba serikali ilikusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo. Katika nyumba moja moja shida ya umbali huonekana kwa namna nyingine: nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya mtaa hupata volti pungufu jioni, watu wengi wanapowasha vifaa kwa pamoja.

Kifaa kinachopokea umeme huo ni pawa saplai ya kompyuta. Volti ya ukutani ikishuka, pawa saplai huvuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe nguvu ile ile, nayo hupata joto. Kadi iliyoongezwa kasi huizidishia mzigo. Mambo yanayoangaliwa ni haya:

* '''Uwezo wa pawa saplai.''' Kadi ya GeForce RTX 3060 imepangwa kutumia wati 170, RTX 3090 wati 350 na RTX 4090 wati 450. Jumlisha matumizi ya kompyuta yote, kisha uache nafasi ya angalau theluthi moja. Pawa saplai za bei ya chini hazitoi kila mara wati zilizoandikwa juu yake.
* '''Swichi ya volti.''' Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Nchini Tanzania lazima iwe kwenye 230. Ikiwekwa kwenye 115, kifaa huungua mara tu kinapowashwa.
* '''Nyaya za kadi.''' Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, kiunganishi cha pini 6 wati 75 na cha pini 8 wati 150. Kadi isiyo na kiunganishi, kama GTX 1650 nyingi, haiwezi kupita wati 75 kwa usalama. Kiunganishi kipya cha pini 16 hubeba hadi wati 600, lakini mwaka 2022 baadhi ya viunganishi vya RTX 4090 viliyeyuka, na kutoingizwa hadi mwisho kulitajwa kuwa sababu mojawapo.
* '''Stabilaiza na UPS.''' Stabilaiza husawazisha volti inayopanda na kushuka. UPS humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi umeme unapokatika. UPS ya 650 VA mara nyingi hubeba chini ya wati 400, na ikizidiwa huzima kila kitu ghafla.
* '''Umeme unaporudi.''' Mara nyingi madhara hutokea umeme unaporudi kwa msukumo kuliko unapokatika. Inafaa kuchomoa kompyuta na kusubiri dakika kadhaa.

Gharama nayo huhesabiwa kwa uniti za LUKU. Kadi ya wati 170 inayofanya kazi saa 4 kwa siku hutumia takriban uniti 20.4 kwa siku 30. Ikiongezewa asilimia 16 ya nguvu hutumia karibu uniti 23.7, na ikipunguziwa asilimia 18 hutumia karibu 16.7. Tofauti hiyo ya uniti 7 ina uzito kwa kaya za daraja la D1, la wateja ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi.

== Hatua za kuongeza kasi ==

Programu zinazotumika ni pamoja na MSI Afterburner kwa kadi za kampuni zote, AMD Software kwa kadi za AMD, na kwenye Linux amri ya nvidia-smi kwa kadi za NVIDIA au programu ya CoreCtrl kwa kadi za AMD. Utaratibu ulio salama ni wa polepole, na hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

# '''Kupima hali ya mwanzo.''' Andika joto la chumba, joto la kadi, masafa, wati na alama za jaribio kabla ya kubadilisha chochote. Majaribio yanayotumika sana ni 3DMark na Unigine Superposition.
# '''Kusafisha na kupanga feni.''' Ondoa vumbi, hakikisha hewa inaingia na kutoka kwenye kasha, kisha panga feni zianze mapema zaidi. Pima tena. Mara nyingi faida ya kwanza hupatikana hapa.
# '''Kupandisha masafa ya chipu.''' Ongeza MHz 25 bila kugusa volti, kisha fanya jaribio la dakika 10 hadi 15. Rudia hadi dalili ya kwanza ya makosa ionekane.
# '''Kurudi nyuma.''' Punguza MHz 25 hadi 50 kutoka mahali makosa yalipoanzia.
# '''Kupandisha masafa ya kumbukumbu.''' Ongeza MHz 100 kwa kila hatua huku ukiangalia alama za jaribio, si picha peke yake. Kumbukumbu za GDDR5 na zilizofuata zinaweza kugundua makosa na kurudia kutuma data, kwa hiyo picha hubaki safi huku kasi ikishuka. Alama zikianza kupungua, kikomo kimepitwa.
# '''Jaribio refu.''' Fanya kazi halisi, kama mchezo au uhariri wa video, kwa saa moja au zaidi wakati wa joto la mchana.
# '''Kuhifadhi.''' Usiiruhusu programu iweke mpangilio mpya kila kompyuta inapowaka mpaka siku kadhaa zipite bila hitilafu. Hivyo kompyuta ikiganda, kuizima na kuiwasha kunatosha kuirudisha katika hali ya kiwanda.

Programu ya FurMark huielemea kadi kuliko kazi za kawaida. Inafaa kwa kuangalia upozaji kwa dakika chache, lakini haifai kuachwa bila mtu wa kuisimamia, hasa kwenye kompyuta yenye pawa saplai dhaifu.

== Dalili za kuzidisha ==

Vitone vya rangi, mistari au pembetatu zisizo na mahali pake kwenye skrini huonyesha makosa ya chipu au ya kumbukumbu. Skrini kuwa nyeusi kisha kurudi ni ishara kwamba draiva imejiwasha upya. Kompyuta kuzimika kabisa wakati wa mzigo mkubwa mara nyingi huelekeza kwenye pawa saplai. Harufu ya plastiki inayoungua, au kiunganishi kilichobadilika rangi, ni sababu ya kuchomoa umeme mara moja na kutorudia jaribio.

Kwa kazi za hesabu, makosa yanaweza yasionekane kabisa. Video inaweza kutoka na fremu iliyoharibika, au hesabu za utafiti zikatoa jibu lisilo sahihi. Kompyuta inayotumika kwa kazi ya mteja au ya masomo huachwa kwenye masafa ya kiwandani.

== Kupunguza volti ==

Kiwanda huzipa kadi zote za aina moja volti inayotosha hata chipu iliyo dhaifu zaidi. Kwa hiyo chipu nyingi huweza kufanya kazi kwa masafa yale yale kwa volti ndogo zaidi. Katika MSI Afterburner hufanywa kwa kuhariri mchoro wa volti na masafa: mtumiaji huchagua volti ya chini, huipa masafa ya kawaida ya kadi, na kuusawazisha mchoro kuanzia hapo. Kisha hujaribu kama ilivyoelezwa juu, akishusha volti kwa hatua ndogo.

Njia rahisi zaidi ni kushusha kikomo cha nguvu, kwa mfano hadi asilimia 80. Kadi hupoteza sehemu ndogo ya kasi kuliko sehemu ya umeme inayookolewa, kwa sababu megahezi za mwisho ndizo zinazohitaji volti kubwa zaidi. Mahali ambapo kadi ilikuwa ikijipunguzia kasi kwa sababu ya joto, hatua hii inaweza hata kuongeza kasi ya wastani. Haiongezi mzigo kwenye pawa saplai wala kwenye UPS, na kosa lake kwa kawaida ni kompyuta kuganda tu.

== Kompyuta mpakato ==

Kompyuta mpakato hutumia mfumo mmoja mdogo wa kupoza kwa prosesa na kadi ya michoro, hivyo nafasi ya kuongeza kasi ni finyu. Mwaka 2015 NVIDIA ilizuia kwa draiva uongezaji kasi kwenye kompyuta mpakato, kisha ikaurudisha baada ya malalamiko ya wateja. Kwa mashine hizi hatua zinazofaa zaidi ni kuinua sehemu ya nyuma ili hewa ipite, kuitumia juu ya meza badala ya kitanda au mto, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya joto iliyokauka.

== Kadi zilizotumika ==

Kadi nyingi zilizotumika ziliingia sokoni duniani baada ya tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipoacha njia ya uchimbaji inayotegemea kadi za michoro. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zinaweza kuwa zimechakaa na pedi za joto za kumbukumbu zimekauka. Mnunuzi, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au mitaani kwao, anashauriwa kuiona kadi ikifanya jaribio kwa angalau dakika 15 kabla ya kulipa, na kuangalia kama hakuna aliyebadilisha programu ya ndani ya kadi (BIOS).

== Hatari na waranti ==

Kadi za kisasa hujilinda kwa kupunguza kasi au kuzima joto linapozidi, na programu za kawaida huweka mipaka ya volti. Kwa hiyo kadi huharibika mara chache kwa kupandishwa masafa peke yake. Uharibifu hutokea zaidi kwa kuandika upya BIOS ili kuondoa mipaka hiyo, kwa kubadilisha sakiti za umeme kwa kulehemu, au kwa pawa saplai inayokufa na kupitisha umeme usiofaa. Joto la juu la muda mrefu pia hupunguza uhai wa feni, kapasita na chipu.

Masharti ya waranti hutofautiana kati ya makampuni, na baadhi hukataa madai ya kadi iliyobadilishwa. Kwa mtu aliye mbali na muuzaji, kuirudisha kadi maana yake ni nauli, siku za kusubiri na kazi iliyosimama. Ongezeko la picha chache kwa sekunde hupimwa dhidi ya gharama hiyo.

== Tazama pia ==

* Kadi ya michoro
* Kompyuta
* Umeme
* Same (mji)
* Milima ya Pare